Nili ya Bibi na Shampuu ya Zambarau

Wiki ya tatu baada ya kutoka saluni nilisimama mbele ya kioo cha kabati asubuhi, jua limeingia dirishani, nikaona kichwani kwangu rangi ya dele la kahawa. Dhahabu ilikuwa imekwenda, imebaki shaba. Kisogoni pamekuwa chungwa lililoiva, utosini na mbele manjano makali kama kiini cha yai la kienyeji. Ile dhahabu tulivu niliyotoka nayo Sinza, yenye rangi ya mchanga mkavu wa pwani, ilikuwa imeshuka na maji ya kuoshea.

Mimi ni fundi cherehani. Nashinda na vitambaa kutwa, na mteja akiniletea hariri yake akataka uzi unaofanana nayo, nitauzungukia maduka mpaka niupate. Kwa hiyo kutembea na rangi mbili ambazo sikuzichagua kuliniuma. Nilifunga kilemba siku tisa mfululizo. Kilemba nakipenda sana, lakini nakipenda nikikifunga kwa raha zangu, si kwa kujificha.

Nieleze kwanza nilivyofika hapo. Nilianza kupaka dawa ya kulainisha nywele nilipomaliza kidato cha nne, nikaendelea nayo miaka kumi na miwili. Siku moja nikachoka na kuungua, nikaiacha, nywele zikakua, nikakata sehemu yote yenye dawa nikabaki na kipilipili changu cha urefu wa vidole viwili. Nilipokizoea ndipo nikatamani dhahabu. Msusi niliyempata aliniuliza maswali kabla hajashika brashi. Kuna dawa iliyobaki? Umewahi kupaka hina, na hina yenyewe ni majani matupu au ile ya pakiti inayotoka nyeusi? Una kidonda chochote kichwani? Wakati ule niliona ananichelewesha. Leo dada yeyote anayetaka kublichi, yaani kuondoa weusi wa nywele kwa dawa, namwambia: msusi asiyeuliza hayo, chukua mkoba wako uondoke. Nywele zenye dawa zikipakwa blichi hukatika kama uzi uliopitiwa na moto, na baadhi ya hina za pakiti zina chumvi za madini ndani yake ambazo zikikutana na blichi hupata joto hadi kuunguza.

Alichanganya unga wa blichi na developa namba 20, ile dawa inayouamsha unga ufanye kazi. Namba hizo zina maana. Namba 20 ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 6, namba 30 ni asilimia 9, namba 40 ni asilimia 12. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka nikamwomba aweke 40 tumalize siku hiyo hiyo, akakataa. Tulifanya mara mbili, tukaziacha wiki tatu katikati zipumzike. Namshukuru hadi leo, maana nywele zangu zingali kichwani.

Kilichonipita masikioni ni maneno yake ya mwisho. Aliponipaka tona baada ya blichi, ile rangi nyepesi inayotuliza manjano, aliniambia: "Dada, hii itashuka baada ya wiki chache, urudi." Nilikuwa najitazama kwenye kioo. Nikaitikia tu.

Baadaye ndipo nilipoelewa alichokuwa akinieleza. Nywele nyeusi haziendi moja kwa moja kwenye dhahabu. Zinapita vituo: nyeusi inakuwa kahawia, kahawia inakuwa nyekundu, nyekundu inakuwa chungwa, chungwa inakuwa manjano, na mwisho kabisa ni ile manjano hafifu ya upande wa ndani wa ganda la ndizi. Hakuna kituo kinachorukwa. Rangi nyeusi na ya kahawia iliyomo ndani ya unywele ndiyo inayovunjika mapema, wekundu na umanjano unang'ang'ania. Sisi wenye nywele nyeusi tii hubakiwa na mwingi wa huo unaong'ang'ania. Msusi alianzia mbele akamalizia kisogoni, blichi ikaoshwa kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo mbele palifika kwenye manjano na kisogo kikabaki kwenye chungwa. Tona ilifunika tofauti hiyo. Ilipoondoka, kila sehemu ikaonyesha kituo ilichoishia.

Hilo lilinitoa dhana niliyokuwa nayo kwamba shaba ni uchafu au kwamba niliuziwa rangi mbovu. Ile shaba ilikuwa yangu mwenyewe. Ilikuwa chini ya weusi wangu tangu nizaliwe, blichi ikaifunua.

Rafiki yangu mmoja akanitumia picha ya chupa kwa simu: "Tafuta shampuu ya zambarau, inaua hiyo manjano." Nikashuka Kariakoo. Chupa ya kwanza niliinunua kwa bei nzuri mno, na hapo ningepaswa kusita. Niliosha nayo mara mbili, povu jingi, harufu tamu, na nywele zile zile. Kabla ya kuitupa nikaifanyia kile ninachokifanyia kitambaa kigeni nikitaka kujua kama kinachuja. Nilikata kipande cha pamba nyeupe, nikadondoshea tone la shampuu, nikasubiri dakika tano, nikasuuza. Kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Ule uzambarau uliomo kwenye chupa ulikuwa wa kupendeza macho tu, haukuwa wa kushika kitu.

Chupa ya pili niliipima kabla ya kuilipia. Mwenye duka alikuwa na ya kujaribia, nikamwomba tone moja kwenye pamba yangu, na bomba lilikuwa nje. Ilikuwa nzito, nyeusi kama wino ukiitazama ndani ya kifuniko, na kitambaa kilibaki na zambarau hafifu hata nilipokikamua mara tatu. Nyuma ya chupa, katika yale maandishi madogo, niliikuta namba CI 60730. Ni namba ya mojawapo ya rangi za zambarau zinazotumika kwenye nywele. Nyingine utakayokutana nayo ni CI 42520. Lakini namba haikuambii kimewekwa kiasi gani, kwa hiyo pamba nyeupe imebaki kuwa hakimu wangu. Nina vipande vyake kwenye mkoba mpaka leo.

Namna inavyofanya kazi ni kama tunda lenyewe lililoipa rangi hiyo jina. Msimu wa zambarau, mtoto akila kikombe kizima, ulimi wake unabaki na rangi mpaka jioni. Hakuna aliyeupaka dawa ya kufungua ngozi. Rangi imeng'ang'ania juu, na itapungua yenyewe kwa mate na chakula. Shampuu hii nayo haifungui unywele kama blichi au rangi ya kudumu inavyofanya. Inaacha rangi juu yake, na kila ukiosha inapungua. Haing'arishi nywele hata kidogo, wala haitakusogeza kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Inachofanya ni kulala juu ya manjano ili jicho lako lisiione.

Mimi hilo sikulijua, nikaamini kwamba kadiri nitakavyoiacha muda mrefu ndivyo itakavyozidi kunipa weupe. Jumamosi hiyo nywele zilikuwa na mafuta ya nazi ya tangu juzi. Nikalowesha kidogo tu kwa kiganja, kwingine pakiwa pakavu, nikamimina shampuu utosini na kuisambaza kwa vidole, nikavaa mfuko wa plastiki kichwani, nikaenda kusukuma chapati. Dakika ishirini na tano.

Niliposuuza, maji yalishuka zambarau kwenye vigae kwa muda mrefu. Kisha nikaona. Ncha za mbele zilikuwa kijivu chenye zambarau, kama jivu la mkaa uliolowa. Utosini, pale nilipomiminia, palikuwa na doa la zambarau la ukubwa wa sarafu. Palipokuwa na mafuta mengi hapakushika kitu, manjano ilikuwa inawaka vile vile. Na kisogoni, pale paliponiuma kuliko kote, chungwa ilibaki chungwa, ila sasa ilikuwa imepauka na kuwa na wekundu kama tofali. Kucha zangu zilikaa na zambarau siku nne. Taulo jeupe nililipa kazi ya jikoni.

Nililia kidogo, niseme ukweli. Si kwa sababu ya uzuri tu. Nilikuwa nimeahidi nywele zangu kwamba mateso yamekwisha, na hapa nilikuwa nimezitesa tena kwa papara.

Wiki iliyofuata tulikuwa na arusi Pangani, na Bibi yangu yuko huko. Nilifika na kilemba, nikaketi barazani, nikamshika mkono.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Hebu vua hicho kitambaa, joto lote hili."

Nikavua. Alinitazama kwa muda, akaniinamisha, akapitisha vidole polepole kuanzia mbele hadi kisogoni. Bibi amefua kanzu za Babu miaka arobaini na kitu, macho yake kwenye rangi ni makali kuliko yangu.

"Umetia nini hapa?"

Nikamweleza: shampuu ina rangi ya zambarau, inapoza umanjano.

"Ni nili basi," akasema.

Nikanyamaza. Nilimkumbuka siku za Alhamisi jioni nilipokuwa mdogo, kanzu za Babu za kuendea Ijumaa zimefuliwa, yeye ameinama kwenye beseni la bati. Kibonge cha nili kimefungwa ndani ya kitambaa chakavu, anakichovya majini na kukizungusha mpaka maji yawe na rangi ya mbingu. Kanzu nyeupe ikizeeka inaingia umanjano, na buluu ile kidogo ndiyo iliyokuwa ikiirudishia weupe machoni. Nimekua naona jambo hilo kila wiki, kisha nikaenda kulitafuta upya Kariakoo bila kulitambua.

"Ulizilowesha kwanza?" akauliza.

"Kidogo tu, Bibi."

"Na zilikuwa safi?"

"Zilikuwa na mafuta."

Akatikisa kichwa. "Nguo haiingii kwenye nili na sabuni, sembuse mafuta. Uifue, uisuuze mpaka povu liishe, ndiyo uitie. Na iingie mbichi, mbichi kweli kweli. Nguo kavu ikigusa nili, pale ilipogusa ndipo inapokunywa yote, utapata madoa. Tena usiiache ikalala. Unaitia, unaigeuza, unaitoa. Ukitaka zaidi, kesho ipo."

Kisha akashika kisogo. "Na huku hakujapata kitu kwa sababu huku si manjano. Huku ni nyekundu nyekundu. Kanzu iliyoingia kutu haisaidiwi na nili ile ile."

Nimekaa na wasusi, nimesoma nyuma ya chupa nyingi, lakini sijapata maelezo yaliyonikaa kuliko hayo ya dakika mbili barazani. Makosa yangu yote alikuwa ameyasema.

Niliporudi Dar nilikaa mezani na rangi za maji za mwanangu za shuleni. Nilipaka manjano kwenye karatasi, juu yake nikatia tone la zambarau: ikawa rangi ya mchanga, tulivu. Nikapaka chungwa, nikatia zambarau ile ile: ikawa tofali, ndiyo kisogo changu kabisa. Nikapaka chungwa tena, safari hii nikatia buluu: chungwa ikazimika, ikawa kahawia ya karanga zilizokaangwa vizuri. Mwanangu akaniuliza tunachora nini. Nikamwambia tunachora nywele za mama.

Kila rangi ina mwenzake anayeizima. Manjano huzimwa na zambarau, chungwa huzimwa na buluu, nyekundu huzimwa na kijani. Wanaouza huwa wanasema "shampuu ya zambarau" kana kwamba inafaa kila kichwa kilichopitiwa na blichi, na wengi wetu wenye nywele nyeusi tii tunaishia kwenye chungwa, siyo kwenye manjano. Zambarau kwenye chungwa ni fedha inayotupwa. Nimewaona wateja wangu watatu wakilalamika kwamba shampuu haifanyi kazi, na wote watatu vichwa vyao vilikuwa chungwa. Mmoja wao nilimchukulia kitambaa cha kitenge chenye chungwa, nikamwekea juu yake utepe wa zambarau na kisha utepe wa buluu, akaelewa pale pale dukani.

Shampuu ya buluu ni adimu kidogo kuliko ya zambarau, na mara nyingi imeandikwa kwamba ni ya nywele za kahawia, ndiyo maana tunaipita. Niliipata. Lakini kwanza ilinibidi niondoe madoa. Hapa nilijizuia sana, maana mkono ulikuwa unawashwa kushika blichi tena. Niliosha kwa shampuu ya kawaida kali kidogo, ile ya kutoa mafuta mazito, nikapaka kondishena nyingi na kustimu, nikaacha siku tano, nikarudia. Kwenye mwosho wa tatu lile doa la utosini lilikuwa limekwisha na ncha zimebaki na kivuli tu. Ndiyo faida ya rangi inayokaa juu: ikikukosea, haikukosei kwa muda mrefu.

Sasa naeleza ninavyofanya siku hizi, maana watu huniuliza. Siku ya kuosha naanza na shampuu nyepesi isiyo na rangi mpaka mafuta na vumbi viishe kabisa. Nywele zikiwa mbichi, zinadondosha maji, nazigawa mafungu manne kwa chanuo la meno mapana. Navaa glavu. Shampuu ya buluu naipaka kisogoni kwa brashi, siyo kwa kumimina, naikorogakoroga kwa vidole ienee, dakika tano. Mbele naacha mpaka zimebaki dakika mbili, ndipo napaka zambarau, kwa sababu manjano ya mbele ni hafifu na haihitaji muda. Ncha naziachia za mwisho kabisa, na shampuu ya huko naichanganya na kondishena nusu kwa nusu. Blichi huinua yale magamba madogo ya unywele, na kwenye ncha yameinuka zaidi, kwa hiyo zinakunywa kuliko sehemu nyingine. Maji yaliyojaa ndani ya unywele kabla ya rangi kufika husaidia isinyonywe yote mahali pamoja. Ndiyo ile mbichi ya Bibi.

Mwanzoni, kabla ya kupaka kichwa kizima, nilikuwa nachukua kishungi kimoja nyuma ya sikio nakijaribia kwa dakika mbili, nasuuza, nakausha, ndipo naamua. Kukausha ni lazima. Nywele mbichi zinaonekana nyeusi zaidi na zinakudanganya. Na chupa mpya yoyote, hata ya aina niliyoizoea, naipaka kwanza ndani ya kiwiko naacha siku nzima nione kama ngozi itawasha.

Kuna jambo moja lililonichukua muda kulitambua, nalo ni maji. Mtaani kwetu yakikatika ya bomba tunatumia ya kisima, na kisima chetu kina chumvi na kinaacha kutu kwenye ndoo. Nilikuwa nimeshajua kama fundi kwamba shuka jeupe likifuliwa kwa maji hayo miezi miwili linapata umanjano, lakini sikuwahi kuliunganisha na kichwa changu. Nilipotoka kwenye mwezi mzima wa maji ya kisima, shaba ilirudi katika wiki moja badala ya tatu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maji hung'ang'ania nywele zilizopitiwa na blichi na kuzibadilisha rangi. Tangu hapo nina ndoo mbili zenye kifuniko bafuni, zimejaa maji ya bomba au ya mvua, hazitumiki kwa kitu kingine. Masika nakinga ya mvua kwenye mfereji wa bati baada ya manyunyu ya kwanza kuosha paa. Mwosho wa mwisho wa nywele zangu ni wa maji hayo. Katika yote niliyojaribu, hili ndilo lililonisaidia kuliko chupa yoyote, na halikunigharimu ila ndoo.

Jua nalo lina sehemu yake. Likikupiga kila siku njiani, tona na zambarau vinapauka haraka na kilicho chini kinachomoza. Nikienda mnadani au Kigamboni ufukweni nafunga kilemba, na safari hii nakifunga kwa sababu ninazozipenda.

Zaidi ya rangi, niseme juu ya ukavu, maana hapa ndipo nilipokaribia kupoteza nywele. Kipilipili kimejikunja, na mafuta ya ngozi ya kichwa hayashuki kirahisi mpaka kwenye ncha. Ongeza blichi, ambayo imeshaufungua unywele. Ongeza shampuu ya rangi, ambayo nyingi zake hukausha. Miezi ya kwanza nilikuwa naitumia kila wiki kwa sababu nilipenda matokeo, na nikaanza kuona vipande vifupi vifupi vya dhahabu kwenye mto asubuhi. Vipande, siyo nywele nzima zenye mzizi. Huko ni kukatika. Nikapunguza hadi mara moja kila wiki mbili au tatu, na kila nikiitumia napaka kondishena nzito nastimu nusu saa kwa taulo la moto, kisha naziba unyevu kwa mafuta kidogo. Kukatika kuliisha. Afadhali shaba kidogo wiki ya pili kuliko ncha zilizokatika, na hilo sasa silijadili na mtu.

Mizizi myeusi imeshaota vidole vitatu. Msusi anasema turudie, mimi nimeamua niache kwanza. Weusi chini na dhahabu juu vinapendeza, na mizizi haihitaji nili ya aina yoyote.

Mwezi uliopita nilirudi Pangani. Bibi ana mvi kichwa kizima, nzuri sana, lakini zimeingia umanjano wa moshi wa kuni na mafuta, hasa mbele juu ya paji. Alinitazama nilivyotulia rangi, akakaa kimya, kisha akauliza kama ile chupa nimekuja nayo. Nilikuwa nayo.

Tulikaa uani chini ya mwembe. Nilimwosha nywele kwanza kwa shampuu ya kawaida, mara mbili, polepole, kwa sababu ngozi ya kichwa chake imekuwa laini kama ya mtoto. Mvi hazina weusi wowote wa kuzuia rangi, kwa hiyo sikuthubutu kumpaka shampuu yenyewe. Nilichukua beseni la maji safi nikatia kijiko kimoja cha zambarau, nikakoroga. Nikataka kuanza kumimina, akanizuia kwa mkono.

Aliingiza kiganja ndani ya beseni, akakiinua kimejaa maji, akakisogeza kwenye mwanga uliopenya majani ya mwembe, akayatazama.

"Kali," akasema. "Tia maji."

Nikaongeza kata mbili. Akachota tena kiganjani, akayageuzageuza kwenye mwanga. Akatia kichwa mbele juu ya beseni, akashika magoti yake.

"Haya. Sasa."